Farasi Mia Tano Ndani ya Gari la Mjomba

Kwetu Tanga, Mark II ni gari la heshima. Ni gari la mzee mwenye nyumba, la teksi, la kumbeba bwana harusi. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia amenunua Toyota Chaser, ndugu yake Mark II, iliyoletwa hapa Uingereza kutoka Japani, nilimshukuru Mungu. Nikajua kijana ametulia.

Nilikuwa sijasikia habari za 1JZ.

Hiyo ni injini ya lita 2.5, silinda sita katika mstari mmoja, na turbo yake. Ilitoka kiwandani ikitajwa kuwa na nguvu farasi 280, kwa sababu miaka hiyo kampuni za magari za Japani zilikubaliana zisitangaze zaidi ya hapo. Makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Lakini bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na mafundi wanajua inavumilia mzigo mkubwa kuliko ule iliyozaliwa nao. Mdogo wangu anafanya kazi ghalani, zamu za usiku, na kila zamu ya ziada iliishia ndani ya gari lile. Turbo kubwa, injekta kubwa, pampu ya mafuta, klachi ngumu, kompyuta mpya ya injini. Fedha za matofali ya kiwanja chetu zikawa za “mwezi ujao, Dada”.

Jumamosi moja nilikuwa mapumziko, akaniomba nimsindikize kupima. Wasomaji wenye vijana wa namna hii mtalijua neno daino. Gari linafungwa kwa mikanda mizito, magurudumu ya nyuma yanakaa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, kisha fundi anakanyaga mafuta mpaka mwisho huku kompyuta ikichora mstari. Nilijiona niko kazini. Ndivyo tunavyompandisha mgonjwa wa moyo kwenye mashine ya kutembea: humuulizi ana nguvu kiasi gani, unamtembeza ukaona.

Jibu likatoka: 498. Mdogo wangu akanyong’onyea, maana gereji ya kwanza ilikuwa imempa 640. “Mashine yao mbovu, Dada.”

Nilicheka. Mgonjwa wangu anaingia mapokezi presha 150, akilala nusu saa inakuwa 128, na mtu ni yule yule. Ukitumia mkanda mdogo kwenye mkono mnene, namba inapanda. Namba bila kujua ilipimwaje ni uvumi tu. Nikamwambia fundi anieleze, naye alikuwa mwungwana, akaeleza.

Gereji ya kwanza ilitaja nguvu za injini, lakini daino haiioni injini, inaona magurudumu. Katikati kuna gia boksi, shafti na difu, na kila kimoja kinakula chake. Wengi hukisia asilimia 15, wakairudisha kwenye hesabu. Ukifanya hivyo, 498 inakuwa kama 586. Pengo linalobaki linaweza kutoka kwenye aina ya mashine, upepo wa tairi, jinsi mikanda ilivyokazwa, na joto la siku ile, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na injini inaipenda. Kompyuta inatakiwa isahihishe hali ya hewa, lakini anayeiambia hali ya hewa ni mwanadamu, na mwanadamu anataka mteja aondoke akitabasamu.

Farasi mmoja ni wati 746 hivi. Kipimo hicho kilienezwa na Mskoti James Watt alipotaka wateja waelewe injini yake ya mvuke inafanya kazi ya farasi wangapi. Mdogo wangu alikuwa anabishania farasi mia na ushee ambao hawakuwahi kuwepo zizini.

Mimi kilichonitisha ni umbo la mstari. Hadi mizunguko 4,000 kwa dakika ulikuwa umelala, gari la bwana harusi kabisa. Kufika 4,500 ukasimama kama mnazi. Turbo kubwa inachelewa kuamka, ikiamka inaleta kila kitu kwa mkupuo. Mwenye presha ya juu iliyopanda polepole kwa miaka anaweza kutembea hadi sokoni. Presha hiyo hiyo ikimpanda ghafla, tunaletewa kwa machela.

Kuliendesha kila siku ni adha. Klachi inataka goti la mchezaji mpira, na foleni ya saa kumi na moja jioni hapa Leicester inaimaliza. Mafuta usiulize. Jirani, mama mtu mzima, alibisha hodi mara mbili kuhusu eksozi. Fundi fulani alimshauri atoe masega. Nashukuru hakuthubutu, maana gari lililotoka kiwandani na masega likikutwa halina, linafeli ukaguzi wa mwaka.

Lakini gari lile ndilo lililokuwa linamchukua binti yangu shuleni, siku zangu za zamu ya saa kumi na mbili.

Ilikuwa Novemba, mvua ya rasharasha. Wakitoka kwenye kipilefti, gia ya pili, turbo ikaamka. Tairi za nyuma zikateleza, gari likazunguka likaangalia lilikotoka. Hakuna aliyegongwa, kwa kuwa hakukuwa na mtu nyuma yao. Nilifika nyumbani usiku, nikamkuta jikoni hajavua koti. “Dada, leo nimekosa.” Binti yangu akasema tu, “Mjomba aligeuza gari,” akaendelea kula.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikauliza lililokuwa linanikereketa: “Bima wanajua lilivyo?”

Hawakujua. Bima yake ilikuwa ya Chaser kama ilivyotoka kiwandani. Wanafunzi na wageni, hapa naomba mnisikilize. Uingereza kila badiliko unalotakiwa kulitaja linatajwa, hata rimu. Ukificha, kampuni inaweza kuifuta bima, na ikilazimika kumlipa uliyemgonga inaweza kukugeukia wewe ikudai. Kuendesha bila bima ni pointi 6 hadi 8 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari. Kama leseni yako ya kwanza ya hapa haijatimiza miaka miwili, pointi 6 zinatosha kukunyang’anya.

Sikumwambia auze. Shoga zangu walinilaumu. Lakini nilikumbuka mwaka wake wa kwanza hapa, analala mchana na mapazia yamefungwa, haongei na mtu. Wale vijana wa magari ndio kijiwe chake. Ndio waliomtembelea alipougua. Nilichomwambia ni kwamba nimewahi kumkandamiza kifua kijana wa rika lake huku saa ya daktari inahesabu, na mtoto wangu hapandi tena.

Jumatatu alipiga simu bima, akataja kila kitu. Walikataa kuendelea naye. Kampuni nyingine inayoshughulika na magari yaliyobadilishwa ilimkubali, kwa bei iliyomeza mshahara wa miezi miwili. Fundi akaweka mipangilio miwili kwenye kompyuta: wa barabarani, farasi 300 hivi, na ule kamili. Amenunua Yaris kuukuu kwa ajili ya kwenda kazini. Ndiyo inayompeleka binti yangu shule.

Ule mpangilio kamili anautumia Santa Pod, Bedfordshire, uwanja halali wa mbio za robo maili. Nilienda naye Mei. Pale mwisho saa inakuonyesha kasi yako, na ukijua uzito wa gari unakadiria nguvu. Alivuka kwa maili 122 kwa saa. Tulikaa kwenye majani na kalamu, gari na dereva kilo 1,560, tukapata farasi 490 hivi. Alilitazama lile karatasi, akalikunja, akalitia mfukoni. Habari ya 640 sijaisikia tena.

Jioni tulimpigia Mama kwa video. Alitaka kujua matofali yamefikia wapi. Mdogo wangu akasema ametuma ya elfu moja wiki hiyo, na kweli alikuwa ametuma, risiti niliiona. Mama akamuuliza na lile gari lake linaendeleaje.

“Zuri tu, Mama. Ni Mark II.”