Rangi Haizibi Tundu: Jinsi Tulivyofufua Boti ya Zamani Nyuma ya Nyumba

Mwezi huu nimeombwa niandike habari za ile boti iliyokaa nyuma ya nyumba yetu kwa miezi mitano. Wengi mlipita mkacheka. "Mama, boti huku juu, mbali na ziwa, mnangojea gharika ya Nuhu?" Basi leo nawajibu. Najibu pia wale wanaofikiria kununua boti iliyotumika, maana naona vikundi vya akiba vingi vinaanza kuongea habari hiyo.

Kwanza niwarudishe nyuma kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vya Ituri vilipochacha, tulivuka Ziwa Albert kama maelfu ya wenzetu. Mnalijua lile ziwa, upana wake ni kama kilomita 30, na upepo ukiamka usiku hakuna pa kujificha. Pirogi tuliyopanda ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya buluu inayong'aa. Watoto waliifurahia. Tulipofika katikati, maji yakaanza kupanda miguuni. Tulikumba maji kwa sufuria, kwa viatu, kwa mikono, mpaka kukapambazuka. Tuliposhuka Sebagoro niliona mahali rangi ilipobanduka. Chini yake palikuwa na matambara yaliyosokotwa na lami. Kumbe mwenye pirogi alijua! Sisi tulifika. Kuna familia msimu ule hazikufika zote.

Nimeeleza hayo ili mnielewe huko mbele, maana hii boti nusura ituvunjie nyumba.

Boti waliyolala mbuzi

Kikundi chetu cha akiba ni familia sita. Mwaka 2023 baba watoto aliona boti ya faiba imetelekezwa uani kwa mtu, huko njia ya Hoima. Urefu wake futi 28. Mbuzi walikuwa wanalala ndani. Mwenyewe alitaka kuondoa takataka tu, akatupatia kwa bei ndogo. Tulikodi lori, vijana kumi wakaibeba mpaka kwenye kiwanja chetu.

Kwa wasiojua, faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko nywele, zilizoshikanishwa na gundi inayoitwa rezini. Rezini inakuja ya maji kama asali. Ukiitia dawa ya kukausha, ambayo mafundi wanaiita hadena, inageuka kuwa ngumu kama jiwe. Boti za namna hii zilianza kuundwa Marekani miaka ya 1940. Uzuri wake ni kwamba hailiwi na wadudu, na ikipasuka unaweza kuiziba isionekane ilipopasuka. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuoza kwa ndani huku nje inakutazama tu vizuri.

Baba watoto aliiosha, akapiga msasa kidogo, akasema, "Tununue rangi, tuishushe ziwani kabla ya mwezi kuisha. Samaki watalipa matengenezo mengine." Familia mbili zikamuunga mkono. Pesa iliyobaki ilikuwa ya injini, na kila mtu alikuwa na hamu.

Mimi nikasema hapana. Nikasema hata rangi ya ile pirogi ya 2018 ilikuwa nzuri. Tulikosana kwelikweli. Siku mbili hatukusemeshana, na familia moja ikadai pesa yake irudishwe. Tuliirudisha. Ndipo tukakubaliana kumwita fundi mmoja mzee, mwenyeji wa huku, aliyefanya kazi ya boti tangu ujana.

Boti inasema ukiigonga

Mzee hakuja na mashine. Alitoa sarafu mfukoni akaanza kugonga, toka mbele mpaka nyuma, kila kiganja kimoja. Mahali pazima palilia kwa sauti kali, ta, ta, ta. Alipofika nyuma, pale injini inapofungwa, sauti ikawa nzito, kama unagonga mkate. Akamwita baba watoto asikilize mwenyewe.

Akachukua keekee ndogo akatoboa upande wa ndani. Unga uliotoka ulikuwa mweusi, umelowa, unanuka kama majani yaliyooza. Ndani ya faiba ya sehemu ile huwa kuna plaiwudi inayobeba uzito wa injini. Maji yalikuwa yameingia kupitia matundu ya bolti ambayo hayakuzibwa, kidogo kidogo kwa miaka. Mzee akasema, "Mngefunga injini hapa, siku ya mawimbi ingeng'oka na ukuta wote."

Baba watoto alikaa chini. Hakusema kitu. Jioni akaniambia, "Mama, tuanze upya."

Kazi yenyewe

Kukausha. Tulitoboa sehemu zilizolowa, tukafungua kila kona, tukaiweka chini ya turubai lenye kupitisha upepo. Wiki sita! Usikimbilie hapa, maana rezini haishiki kitu chenye maji. Mzee alitufundisha kipimo cha bure: bandika kipande cha nailoni juu ya faiba, funga kingo zote kwa gundi ya karatasi, uache usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, bado haijakauka.

Kukata. Boti ilikuwa na tundu moja ubavuni, kubwa kama sahani. Mtu asiyejua angebandika kiraka juu yake. Mzee alikata yote iliyolegea, kisha akachonga kingo kwa grenda zikawa za mteremko kuzunguka tundu. Kanuni yake ni kwamba mteremko uwe mara 12 ya unene. Faiba yetu ilikuwa na unene wa milimita 5, kwa hiyo mteremko ulikuwa sentimita 6 kila upande. Ndivyo kipya kinavyoshikana na cha zamani. Bila mteremko, kiraka kinabanduka siku moja kama gamba.

Kuchanganya. Hadena ni gramu 10 mpaka 20 tu kwa kilo moja ya rezini. Tulitumia bomba la sindano lisilo na sindano, na mizani ya dukani. Ukizidisha inakauka mikononi na kupasuka. Ukipunguza sana haitakauka kamwe, utabaki na uji. Tulichanganya nusu kilo kila mara, asubuhi na mapema, kivulini, kwa sababu jua linaiharakisha.

Kubandika. Kitambaa tulichotumia ni kile cha nyuzi zilizotawanywa, gramu 450 kwa mita moja ya mraba, na kila mita ilikunywa kama kilo moja ya rezini. Unapaka rezini, unalaza kitambaa, unagandamiza kwa brashi na rola mpaka weupe wote upotee. Ukiona doa jeupe limebaki, hiyo ni hewa, na hewa ni udhaifu. Vijana wetu walilijua hilo kuliko sisi, macho yao ni mazuri.

Sehemu ya nyuma. Tulikata ngozi ya ndani, tukachokoa plaiwudi yote iliyooza mpaka tukafika kwenye faiba safi. Tukaweka plaiwudi mpya ya gundi isiyoogopa maji, vipande viwili vya milimita 18 vilivyoshikanishwa, tukapaka rezini pande zote hata kingoni, tukafunika kwa faiba tabaka juu ya tabaka. Safari hii kila tundu la bolti lilipakwa rezini ndani kabla bolti haijapita. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, hatukutaka urudi.

Kina mama, hapa msikilize

Kazi hii inafanyika nyumbani, na nyumbani kuna watoto na kuna jiko. Haya tuliyashika kama sheria:

Vumbi la faiba linawasha ngozi na kuumiza mapafu. Anayetumia grenda avae barakoa nzuri ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Tulipiga msasa kwa kumwagia maji kila ilipowezekana, na watoto walipelekwa kwa jirani upande upepo unakotoka. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Hadena ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 bila kuacha, halafu kituo cha afya. Tuliweka jerikeni la maji karibu kila siku ya kazi. Chupa yake isiwe ya soda hata siku moja, na ifungiwe mbali na watoto.

Rezini na asetoni ya kusafishia brashi vinashika moto haraka. Siku za kubandika tulipikia kwa jirani. Rezini iliyobaki ndani ya kopo inachemka yenyewe na kutoa moshi, kwa hiyo iweke nje juu ya mchanga, usiitupe kwenye takataka.

Nunua rezini ambayo imeshawekewa kichapuzi kiwandani. Kama umeuziwa kichapuzi peke yake, usikikutanishe moja kwa moja na hadena. Vikikutana vitupu vinaweza kulipuka.

Siku tuliyoizamisha wenyewe

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Pirogi ya mbao ikijaa maji bado inaelea, mtu anaweza kuishikilia. Faiba ni nzito kuliko maji. Ikijaa na haina kitu cha kuielesha, inaenda chini pamoja na injini. Ndiyo maana watengenezaji huweka povu gumu chini ya viti. Tulipofungua viti vyetu tulikuta povu limekunywa maji kama sifongo, vipande vizito vya kubebwa na watu wawili.

Povu jipya lilikuwa ghali. Mzee akatuonyesha njia nyingine, jerikeni za lita 20, nzima, zilizofungwa sawasawa. Kila moja inaweza kubeba karibu kilo 20 ndani ya maji. Tuliweka 16, nusu kila upande, tukazibana kwa mbao na mikanda zisichomoke. Hiyo ni muhimu, kwa sababu jerikeni lililochomoka halisaidii boti.

Tuliporudisha boti ziwani kwa lori, baba watoto alikataa mtu yeyote asipande safari. Aliisukuma mpaka maji ya kifua, akafunga mawe yenye uzito wa injini pale nyuma, halafu yeye na vijana wakaanza kumwagia maji ndani kwa ndoo. Watu wa mwaloni walidhani tumerukwa na akili. Miezi mitano ya kazi, na sasa tunaizamisha wenyewe!

Ilijaa mpaka ukingoni. Ikashuka, ikashuka, moyo wangu ukashuka nayo. Halafu ikasimama. Ukingo ulibaki juu ya maji kiasi cha kiganja, na vijana wanne wakaushika, haikwenda chini. Baba watoto alinitazama kutoka majini. Wote wawili tulikuwa tunaikumbuka ile pirogi ya buluu.

Tulikumba maji, tukaikausha. Rangi tulipaka wiki iliyofuata, mwisho kabisa. Watoto walichagua buluu. Nilitaka kukataa, halafu nikaacha.

Kabla hamjanunua

Tulichojifunza kwa jasho, chukueni bure. Nendeni kwanza ofisi ya uvuvi muulize leseni na urefu wa boti unaoruhusiwa, kabla ya kutoa hata shilingi. Mkienda kuitazama boti, muende na sarafu na mtu asiyekuwa na haraka. Gongeni yote. Mkikuta rangi mpya kwenye boti ya zamani, ulizeni inafunika nini. Tengeni pesa ya matengenezo sawa na ya kununulia, na ikiwezekana zaidi. Na pesa ya makoti ya kuokolea itengwe kabla ya pesa ya rangi. Kwetu hakuna koti, hakuna safari, hata kwa mtoto wa mwenye boti.

Ile familia iliyojitoa imerudi kwenye kikundi. Hatukuwasema. Kuogopa hasara si kosa. Sasa boti inashuka na wavuvi wanne, kila mmoja na koti lake, na mara moja kila mwezi tunaipandisha mchangani, baba watoto anatoa sarafu, anaigonga toka mbele mpaka nyuma. Mtoto wetu wa mwisho huwa anamfuata akiweka sikio.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Na majini hakuna mahali pa kujengea ukuta. Mkae salama, tuonane toleo lijalo.