Shule Binafsi ya Mbali: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Januari

Matokeo ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hutangazwa wakati korosho zikiwa mnadani. Ndipo fomu za kujiunga na shule binafsi za Pwani, Morogoro na Kilimanjaro zinapofika vijijini mwetu, zikiwa na picha za mabweni na orodha ya waliopata daraja la kwanza. Mtoto amefaulu, fedha za mauzo zimeingia, na jirani ameshalipa. Swali linaloulizwa sana katika majira hayo ni kama inafaa kumpeleka mtoto huko, ilhali amepangiwa shule ya sekondari ya kata ambayo, tangu mwaka 2016, haitozi ada.

Mzazi aanze kwa kujiuliza sababu. Ikiwa mtoto angelazimika kutembea kilomita nane asubuhi na nane jioni, au kupangiwa chumba karibu na shule akaishi peke yake, kile ambacho vijana hukiita geto, basi bweni lina thamani kubwa hata kama ufundishaji haupishani sana. Kwa mtoto wa kike hoja hiyo ina uzito zaidi. Hata hivyo, ni vema kuuliza kwanza kama shule aliyopangiwa ina hosteli, au kama ipo shule ya jirani iliyo nayo. Bweni si lazima liwe umbali wa kilomita 500.

Ikiwa sababu ni matokeo, basi yasomwe kikamilifu, wala si katika kipeperushi cha shule. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka matokeo ya kila shule katika tovuti yake, na anayeweza kutumia simu yenye intaneti anaweza kuyaona bila malipo. Daraja la kwanza katika kidato cha nne ni pointi 7 hadi 17, zinazotokana na masomo saba aliyofanya mwanafunzi vizuri zaidi. Pointi 34 na 35 ni sifuri. Hayo wengi wanayajua. Wasichokitazama ni idadi ya watahiniwa.

Wanafunzi waliofanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili mwaka 2022 ndio waliotarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Tuchukue mfano wa shule iliyokuwa na watahiniwa 110 katika upimaji, kisha ikawa na 68 katika mtihani wa mwisho, na wote 68 wakafaulu vizuri. Wale 42 wamekwenda wapi? Baadhi huenda walikariri darasa, waliugua au walihama na wazazi wao. Lakini pengo kama hilo likijirudia mwaka hadi mwaka, kuna uwezekano kwamba shule huwaondoa wanaosuasua ili orodha yake ipendeze. Mzazi huyaona majina ya waliobaki tu. Mtoto wake anaweza kuwa miongoni mwa wasiotajwa. Aidha, shule inayochuja kwa mtihani mkali wa kujiunga huchukua watoto ambao wengi wao wangefaulu popote, na sifa yote hupewa majengo.

Tuje kwenye fedha. Kiasi kilichoandikwa juu ya fomu ni mwanzo tu wa gharama. Mfano wa hesabu ya mwaka mmoja ni huu: ada na bweni shilingi 1,900,000, sare, godoro, vitabu na vifaa 250,000, nauli ya safari nane za likizo, kila moja shilingi 45,000, ni 360,000, michango na fedha za matumizi 240,000. Jumla ni shilingi 2,750,000, yaani shilingi 11,000,000 kwa miaka minne, kabla ya kuhesabu nauli ya mzazi anayemsindikiza mtoto, au ada kupanda katikati. Mkulima anayebakiwa na shilingi 2,000 kwa kilo baada ya makato atahitaji kilo 1,375 kila msimu kwa mtoto huyo mmoja tu.

Tena shule hudai kwa awamu, na awamu ya Julai haingoji mnada wa Oktoba. Wengi hukwama hapo, si Januari. Wazazi wanaukumbuka msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri, lakini malipo ya baadhi ya wakulima yakachelewa. Ahadi ya miaka minne isipimwe kwa bei ya mwaka mmoja. Mtoto anayerudishwa nyumbani kidato cha tatu kwa kukosa ada hupoteza muda wa masomo, na uhamisho hutegemea kuwapo kwa nafasi katika shule inayoombwa.

Shule ya kata nayo ina mapungufu, na hakuna haja ya kuyaficha: katika baadhi ya shule walimu wa hisabati na fizikia hawatoshi, na mtoto asiyepata chakula cha mchana hasomi vizuri saa nane. Lakini sehemu ndogo ya zile shilingi 2,750,000 ingetosha kununua taa ya sola, vitabu vya kiada, mchango wa chakula na masomo ya ziada wakati wa likizo. Mzazi aliye karibu huweza pia kukagua madaftari na kuhudhuria kikao cha shule. Jambo hilo la mwisho haliwezekani mtu akiwa safari ya siku nzima kutoka alipo mwanawe.

Atakayeamua kumpeleka mtoto mbali ahakikishe kwanza kwamba shule imesajiliwa, asome masharti ya wastani wa kuvuka darasa na ya kurejeshewa ada, na akaione shule wanafunzi wakiwa darasani, si siku ya mahafali. Kisha amwarifu kwa maandishi mkuu wa shule ya serikali ambako mtoto alipangiwa, ili jina lake lisihesabiwe katika orodha ya watoro. Wasioweza kufungua tovuti ya Baraza la Mitihani wamwone Afisa Elimu Kata wakiwa na jina kamili la shule na mkoa wake. Matokeo ya miaka mitatu mfululizo, ya kidato cha pili na cha nne, yanatosha kuanzia.