Kwa Nini Hapa? Jiografia ya Chuo Kikuu Ukiitazama Kutoka West Indies, Eldoret

Kijana mmoja wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret alipoitwa chuo kikuu kusomea jiografia, mama yake aliisoma barua mara mbili, akaikunja, kisha akamuuliza: "Jiografia? Si hiyo ulishaisoma shuleni? Kwani Mlima Kenya umehama?"

Mama hakuwa anadharau. Alikuwa anapiga hesabu ya karo. Swali lake nimelisikia kwa maneno tofauti tangu nilipoanza kufundisha somo hili, na nimegundua halijibiki kwa kutaja orodha ya kozi. Hujibika kwa kutoka nje ya nyumba na kuangalia. Shuleni mtoto hufundishwa kitu kilipo. Chuoni huulizwa kwa nini kiko hapo na si mahali pengine, kilifikaje, na nani amefaidika au kuumia kwa kuwa hapo. Swali hilo moja, "kwa nini hapa?", ndilo linalobebwa kwa miaka minne. Tulilijaribu kwenye mtaa wenyewe wa huyu kijana.

Jina kwanza. Mwaka 1492 Christopher Columbus alivuka Atlantiki akielekea magharibi, akafika kwenye visiwa, akaamini amekaribia India. Kosa lilipojulikana, jina halikufutwa. Liliongezewa tu neno "magharibi". Visiwa vya Karibi vikabaki kuitwa West Indies mpaka leo. Kwa hiyo kosa la ramani la zaidi ya miaka 500 lina kibao chake katika mji wa nyanda za juu za Kenya ambako hakuna bahari. Zunguka Eldoret na utaona kila jina limekuja kwa njia yake. Munyaka ni Kikuyu, maana yake bahati. Kapsoya ni Kikalenjin. Pioneer na Elgon View ni Kiingereza. Maili Nne ni umbali uliogeuka kuwa makazi. Kaunti yenyewe, Uasin Gishu, ina jina la kundi la Wamaasai waliolisha mifugo yao kwenye uwanda huu zamani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeketi na wazee kuwauliza nani aliuita mtaa huu hivi, na lini, anaanza kusoma tabaka za uhamiaji, ukoloni na ardhi kama mkulima anavyosoma tabaka za udongo akichimba kisima.

Sasa tazama saa. Mwezi wa Ramadhani, Muislamu wa Eldoret husikia kwenye redio adhana ya magharibi ya Mombasa, na tende yake bado iko sahanini. Wote wako nchi moja na saa zao zinasema jambo moja, lakini yeye husubiri, kwa wastani, karibu dakika 18 zaidi. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au uzi mmoja kwa dakika 4. Mombasa iko karibu na longitudo ya nyuzi 39.7 mashariki, Eldoret nyuzi 35.3. Tofauti ni nyuzi 4.4, zidisha kwa 4 upate dakika zake. Saa ya Afrika Mashariki tunayotumia Kenya imepangwa kwa longitudo ya 45, ambayo haipiti Kenya kabisa. Ndiyo maana jua la utosi hufika Eldoret karibu dakika 40 baada ya saa sita kamili, kwa wastani. Hesabu hii mtahiniwa wa kidato cha nne huifanya apate alama. Chuoni anaulizwa jambo la pili: nani aliamua kwamba nchi nzima iwe na saa moja, na kwa nini? Hapo jua linaingia kwenye siasa, biashara na reli.

Baada ya saa, mahindi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1,130. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na ndiyo sababu msafiri wa matatu anayetoka Kisumu na shati jepesi huanza kutafuta sweta kabla ya kufika. Baridi hiyo hiyo huchelewesha mmea. Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mvua za Machi au Aprili zikianza, akavuna Oktoba au Novemba, huku mahindi ya maeneo ya chini yenye joto yakikomaa kwa miezi mitatu au minne tu. Punje zake huchelewa, lakini hupata muda mrefu wa kushiba. Bei ya unga jijini Nairobi, foleni za magunia kwenye maghala ya nafaka na lini mzazi wa huku ataweza kulipa karo, vyote vina uhusiano na baridi hiyo.

Hapa lazima nitoe onyo, maana ndipo wanafunzi wengi huteleza. Ukishaona urefu wa mahali unaamua joto, na joto linaamua zao, ni rahisi kudhani mazingira yanaamua kila kitu, hata tabia za watu. Kulikuwa na wasomi waliofundisha hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, na mafundisho yao yaliwapa wakoloni kisingizio kizuri. Mfaransa Paul Vidal de la Blache alishika njia nyingine: mazingira huweka nafasi mezani, watu huchagua. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kupima hoja hii kuliko Iten, mji ulio kaskazini mashariki ya Eldoret. Uko mita 2,400, na hewa unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Mwili uliozoea hali hiyo hufaidika ukishuka kwenye mashindano. Lakini dunia ina nyanda za juu tele ambazo hazijatoa bingwa hata mmoja. Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 huko Mexico City mwaka 1968, akawapa vijana wa milimani mfano wa kuigwa. Mwaka 1976 mwalimu kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's, Iten, na kutoka mikononi mwake wakapita wanariadha wengi. Urefu wa mahali ulikuwepo miaka yote. Shule, kocha, mashindano na ndoto ya kujikwamua ndivyo vilivyougeuza kuwa medali. Mwanajiografia mzuri hupima vyote viwili, hewa na historia.

Simama hapo hapo Iten, kwenye ukingo wa Elgeyo. Mbele yako ardhi inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio, tawi la Bonde la Ufa. Ukienda na mwanafunzi, mpe ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita mbili zake ni kilomita moja ya ardhi. Kwenye uwanda wa Uasin Gishu mistari ya kontua imeachana, unaweza kupitisha kidole katikati. Kwenye ukingo imebanana mpaka karatasi inaonekana kuchafuka kwa wino wa kahawia. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri kwamba kontua zilizobanana ni mteremko mkali huinua macho, akaangalia bonde, akarudi kwenye karatasi, na mara nyingi hurudi nyuma hatua moja. Mguu umeelewa kabla ya kichwa.

Mvua ikinyesha juu ya mgongo huu, tone linaloangukia upande wa mashariki hushuka Kerio, likaelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Turkana halina mto wa kutokea. Tone hilo litabaki humo mpaka jua lilivukize. Tone la jirani yake, lililoangukia magharibi, huingia Mto Sosiani, likapita katikati ya Eldoret, likaingia Kipkaren, kisha Nzoia, kisha Ziwa Victoria, kisha Nile, na kama halikunywewa njiani, hufika Mediterania. Anayetupa taka Sosiani ana majirani mpaka Misri. Jambo hilo halionekani ukiwa umesimama darajani mjini, huonekana ukiwa na ramani.

Na mji wenyewe, kwa nini hapa? Walowezi wa Kiafrikana walifika uwandani kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908, ardhi ikapimwa na kupewa nambari, na kituo kikaanza mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64. Hata sasa wenyeji huita mji "64". Jina Eldoret, lililotolewa mwaka 1912, lina asili ya neno la Kimaasai linalohusu mawe, na mawe ya Sosiani bado yapo. Reli ilifika mwaka 1924, na mji wa nafaka ukapata mlango wa kwenda pwani na baadaye Uganda. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 289,380 mjini, ile ya 2019 watu 475,716. Ongezeko hilo ni kama asilimia 64, mji ulivyopenda nambari yake. Tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Msomaji wa kawaida atasema mji umekua. Mwanajiografia atauliza kwanza: mpaka wa mji uliotumika 2009 ndio uliotumika 2019? Kama mstari ulisogezwa, baadhi ya watu hawakuhamia mjini. Mji ndio uliowahamia.

Hapa hesabu huwa nyingi, na hapa kompyuta huingia. Watu wengi hudhani mifumo ya taarifa za kijiografia, ile ambayo wanafunzi huita GIS, ilizaliwa kwenye maabara za Ulaya au Marekani bila sisi kuhusika. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanajiografia Roger Tomlinson, akifanya kazi na kampuni ya upigaji picha za angani huko Ottawa, Kanada, alipewa kazi ya kutafuta eneo linalofaa kwa mashamba ya miti ya kutengenezea karatasi nchini Kenya. Ilibidi ramani za mteremko, udongo, mvua, barabara na mengine zilazwe moja juu ya nyingine kwa mkono, na gharama ikawa kubwa kupita kiasi. Akapendekeza kompyuta ifanye kazi hiyo. Mradi huo haukuendelea, lakini wazo lilipata nafasi serikalini Kanada, na Tomlinson akaja kuitwa baba wa GIS. Kenya ilipata kiwanda chake cha karatasi miaka ya 1970 huko Webuye, kando ya Nzoia, mto ule ule unaopokea maji ya Sosiani. Swali la "kwa nini hapa?" lililoulizwa kuhusu misitu yetu ndilo lililomsukuma mtu kubuni chombo ambacho leo kimo ndani ya simu za waendesha bodaboda wengi.

Hivyo ndivyo kozi yenyewe inavyopangwa, kwa ujumla. Mwaka wa kwanza ni misingi: ardhi na hali ya hewa upande mmoja, watu, miji na uchumi upande wa pili. Mwaka wa pili na wa tatu huongezwa takwimu, picha za setilaiti, GIS na mipango ya miji. Mwaka wa nne kuna utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, na wengi huugulia hapo. Kuandika hojaji ni kazi. Kubisha mlango wa mtu wa mtaa wa West Indies au wa Langas saa kumi na moja jioni, akiwa anapika, na kumwomba akuambie analipa kodi kiasi gani, ni elimu nyingine. Anayesomea shahada ya ualimu huunganisha jiografia na somo la pili la kufundisha.

Kazi je? Baadhi hurudi darasani. Wengine huenda kwenye sensa, upimaji wa ardhi, idara za maji na mazingira, mipango ya kaunti, au mashirika ya misaada yanayohitaji kujua mafuriko yatapita wapi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao kwa vifaa vya GPS, kwa kuwa kwenye ramani za umma ulionekana kama eneo tupu. Dar es Salaam ikafuata na mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, kuchora mitaa inayozama kila masika. Na kwa anayedhani jiografia haifiki mbali, Profesa Simeon Ominde alikuwa mwanajiografia. Tume ya elimu ya 1964, iliyoweka msingi wa shule za Kenya huru, hujulikana hadi leo kwa jina lake.

Haya yote kijana alimweleza mama yake, kwa ufupi na kwa woga, siku moja jioni. Mama alisikiliza huku akichambua sukuma wiki. Alipomaliza fungu akalitupa kwenye beseni, akasema: "Basi niambie, msomi. Mboga hii naiuza shilingi ishirini upande huu wa barabara. Kule ng'ambo, hatua hamsini tu, wanauza kumi, na wateja wangu hawavuki. Kwa nini?"

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akaenda kutafuta kalamu na daftari.