Seva ya Muziki Inapogoma Kwenye NAS

Mtu ananunua kifaa cha kuhifadhia data za nyumba nzima, kile ambacho mafundi hukiita NAS, anakiunganisha na ruta, kisha anahamishia humo nyimbo alizokusanya kwa miaka mingi. Anasakinisha Lyrion Music Server ili nyimbo hizo zisikike sebuleni na chumbani. Skrini inaonyesha kwamba seva inafanya kazi. Anapofungua kivinjari, ukurasa hautokei.

Hapo wengi huifuta programu na kuisakinisha tena, na tena. Ni kazi bure. Tatizo likiwa kwenye kichakataji, ruhusa za folda au mtandao wa nyumbani, usakinishaji wa pili utalikuta palepale. Cha kufanya kwanza ni kusoma server.log, faili la kumbukumbu ambamo seva huandika inachokifanya tangu inapowashwa. Mara nyingi mistari yake ya mwisho hutaja kilichokwama. Asiyeisoma anapiga ramli.

Ugumu wa programu hii una historia. Ilianzia katika kampuni ya Slim Devices ya Marekani, iliyoanzishwa na Sean Adams, ili kukipelekea muziki kifaa kidogo kilichoitwa SLIMP3, kilichoingia sokoni mwaka 2001. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaachana na vifaa vya Squeezebox vilivyorithi nafasi ya SLIMP3. Kwa kuwa msimbo wa seva ni wa chanzo huria, wapenzi wake hawakuuacha ufe. Mwaka 2024 walianza kuitumia kwa jina la Lyrion, na hadi leo inaendesha vifaa ambavyo kiwanda kilivisahau zamani. Ni jambo la kupongezwa sana.

Lakini urithi huo una gharama. Seva imeandikwa kwa lugha ya Perl, na inategemea moduli kadhaa ambazo sehemu zake zimeandikwa kwa C na kuandaliwa mapema kwa ajili ya aina fulani ya kichakataji na toleo fulani la Perl. NAS moja hutumia kichakataji cha Intel, nyingine cha ARM, na hata ARM ziko za biti 32 na za biti 64. Moduli iliyoandaliwa kwa kimoja haiendi kwenye kingine. Vilevile mtengenezaji wa NAS akiibadilisha Perl katika sasisho la mfumo endeshi, seva iliyokuwa ikiimba jana inaweza kukataa kuwaka leo, ingawa mwenyewe hajaigusa.

Dalili ya tatizo hilo ni orodha ya moduli zilizoshindwa kupakiwa, yenye majina kama DBI, EV au XML::Parser. Kwa kuwa hitilafu hii hutokea mapema sana, huenda server.log ikabaki tupu. Basi mtu aingie kwenye kifaa kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka kompyuta nyingine, na aiwashe seva kwa mkono ili ujumbe uonekane. Akiwa humo, amri ya uname -m itamwambia aina ya kichakataji, na perl -v itamtajia toleo la Perl. Akishalinganisha majibu hayo mawili na kifurushi alichopakua, amepata mzizi wa fitina.

Kisa cha pili ni tofauti kabisa: ukurasa unafunguka, seva inapekua folda, halafu inatangaza kwamba haikuona wimbo hata mmoja. Hapa shida kubwa ni ruhusa. Synology, mtengenezaji wa NAS, ilipotoa mfumo endeshi wa DSM 7 mwaka 2021, ilizinyang'anya programu za nje mamlaka ya msimamizi mkuu. Tangu hapo kila programu huendeshwa na mtumiaji wake wa ndani, na mtumiaji huyo haoni folda ya muziki mpaka apewe ruhusa. Uamuzi huo ni sahihi kiusalama, hata kama uliwasumbua wengi. Dawa iko kwenye mipangilio ya folda za pamoja: fungua sehemu ya ruhusa, chagua orodha ya watumiaji wa ndani wa mfumo badala ya watumiaji wa kawaida, kisha uipe programu ruhusa ya kusoma. Wengi hawaioni orodha hiyo kwa sababu imefichwa nyuma ya menyu ndogo.

Wanaochoshwa na vita vya Perl hukimbilia Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya makontena yaliyojitenga, na kwa NAS yenye uwezo wa kuiendesha huo ndio ushauri bora. Kontena huja na Perl yake, kwa hiyo sasisho la mfumo endeshi haliigusi. Ila ruhusa bado zinahusika: namba za PUID na PGID, zinazotambulisha mtumiaji na kundi lake, lazima ziwe za mtumiaji anayeweza kuisoma folda halisi. Ndani ya kontena muziki hukaa kwenye /music, si kwenye njia ndefu inayoonekana upande wa NAS. Anayeandika ile njia ndefu katika mipangilio ya seva atapata maktaba tupu.

Kisha kuna poti, namba ya mlango wa mawasiliano kwenye mtandao. Ukurasa wa Lyrion hutumia poti 9000, na Portainer, programu maarufu ya kusimamia makontena, nayo huweza kuitumia hiyohiyo. Anayeamua kuhamia, tuseme, 9002, aibadilishe ndani na nje ya kontena, kwa kuwa seva huvitajia vifaa vya kuchezea muziki poti inayoijua yenyewe, nayo haijui Docker imefanya nini nje.

Vifaa vya kuchezea muziki huitafuta seva kwa tangazo la UDP kupitia poti 3483, na tangazo hilo halivuki mipaka ya mtandao. Nyumba yenye ruta ya kampuni ya intaneti na nyingine iliyonunuliwa dukani inaweza kuwa na mitandao miwili bila mwenyewe kujua: NAS iko 192.168.0, spika iko 192.168.1, na tangazo la spika halitaifikia NAS. Mtandao wa wageni wa Wi-Fi huleta matokeo yaleyale. Kwa kontena, mtandao wa daraja wa Docker nao huweza kulizuia tangazo; kutumia mtandao wa NAS yenyewe badala yake huondoa kikwazo hicho.

Kabla ya kukubali sasisho lolote la NAS, nakili vitu viwili: folda ya prefs yenye mipangilio yote, na faili la persist.db linalotunza idadi ya mara ambazo kila wimbo umechezwa. Faili la library.db halihitaji kunakiliwa. Seva hulijenga upya kwa kuzipekua nyimbo.