Kisima Hiki ni cha Nani?

Watoto, mkifika upande wa Garba Tula au Merti wakati wa kiangazi mkauliza, "Kisima hiki ni cha nani?", msitarajie jibu la neno moja. Anayekimiliki ni mmoja, anayekisimamia ni mwingine, na wanaokitumia ni wengi. Asiyewatofautisha hao hataelewa ugomvi wowote wa maji katika kaunti yetu ya Isiolo.

Tuanze na mwenyewe. Waborana humwita konfi. Huyu ndiye aliyetangulia kupaona mahali pa maji, akaongoza uchimbaji na kuwalisha wachimbaji hadi maji yakatoka. Akifariki, cheo hicho hubaki katika ukoo wake. Mifugo yake hutangulia kwenye hori. Hapo mtadhani kwamba amepata kila kitu. La! Konfi hawezi kuamka asubuhi akakifunga kisima kwa sababu amemkasirikia jirani. Kisima kinaitwa chake, lakini amri ya kila siku haitoki kwake.

Amri hiyo iko kwa aba herega, yaani baba wa zamu, na mimi namheshimu mtu huyu kuliko wakubwa wengi. Jua likikaza, ng'ombe hunyweshwa kila baada ya siku mbili au tatu, na ngamia huweza kungoja zaidi ya wiki. Aba herega huyabeba hayo yote kichwani: leo ni zamu ya ng'ombe wa fulani, kesho ngamia wa fulani, nani atasafisha hori, nani atashuka kuteka. Maji si mali yake, lakini akisema ngoja, tajiri mwenye mifugo mingi hungoja. Anayeruka zamu hushtakiwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Malisho nayo yana wasimamizi wake, wazee wa dedha, wanaoamua ni wapi mifugo ilishe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi pasiguswe mpaka ukame mkali uje.

Na mtumiaji je? Yeye hupokea maji kwa jasho. Huingia katika mstari wa watekaji, ndoo ikapanda kutoka mkono hadi mkono, na kisima kikijaa mchanga huja kuuzoa. Msafiri mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa, hata kama hana ukoo wala ndugu pale.

Sasa tazameni mto Ewaso Nyiro. Maji yake huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Laikipia, hufika Archers Post, kisha huteremka Merti kuelekea kinamasi cha Lorian. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, maji yote ya nchi yako mikononi mwa serikali ya taifa, inayoyashika kama amana ya wananchi. Anayeweka pampu au kuchimba mfereji lazima awe na kibali. Mama anayechota kwa ndoo maji ya kupikia hahitaji kibali chochote.

Lakini mto una jambo ambalo kisima hakina. Aliye juu huyafikia maji kabla ya aliye chini. Pampu za mashamba zikivuta sana miezi ya kiangazi, mto huweza kukauka kabla ya kufika Merti, na mfugaji wa huko hubaki na haki iliyoandikwa kwenye sheria huku ng'ombe wake wakilamba mchanga. Jambo hilo linaniumiza.

Kwa sababu hiyo, sehemu za juu za mto zina vyama vya watumiaji wa maji. Wanachama hukaa pamoja na kupangiana siku, na wa juu hufunga mifereji yao ili wa chini nao wapate. Ni kazi ya aba herega, ila ni ngumu zaidi. Yeye huwaona kwa macho wote anaowapangia, na wao humwona. Mwenye shamba la Laikipia huenda asimwone maishani mwake mfugaji wa Merti. Kwa maoni yangu, kikao chochote cha kugawa maji ya Ewaso Nyiro ambacho hakina mtu wa Merti bado hakijatimia.