Sarafu za Kale za Kilwa na Pambo la Maandishi

Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa wazee wetu waliitumia simbi kuwa fedha, nayo simbi haina jina la mfalme wala mwaka. Utukufu wa Mukama ulionekana katika vitu vingine, mfano zile sanamu ndogo za ng'ombe za shaba ambazo Stanley alionyeshwa katika hazina ya Rumanyika mwaka 1876.

Pwani mambo yalikuwa kinyume. Sarafu walizopiga masultani wa Kilwa tangu karne ya 11, nyingi zikiwa za shaba, hazina sanamu ya mtu wala ya mnyama; pambo lake ni maandishi yenyewe ya Kiarabu. John Walker wa British Museum alizieleza mwaka 1936. Upande mmoja pana jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, na miisho ya pande zote mbili hulingana kwa vina. Katika sarafu ya Ali bin al-Hasan jina laishia "Hasan", na sifa ya Mungu, yaani Mola wa neema, yaishia "minan". Basi ayasomaye maneno ya pande zote mbili apata kama ubeti mfupi wa shairi.

Lakini sarafu hizo za shaba hazitaji mwaka. Je, umri wake wajulikanaje? Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 mahali pamoja. Karibu zote zilikuwa vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa pwani. Lakini kati yake zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, na dinari huandikwa mwaka. Hivyo zile zenye mwaka zikawa shahidi wa zile zisizo nao.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, mwanafunzi akileta kitu cha kale kilichookotwa shambani, tusikisugue kwa majivu wala kwa ndimu, maana twaweza kufuta herufi. Wala tusiulize kwanza bei yake. Tuulize kilipatikana wapi, kwa kina gani, pamoja na nini, tukaandike siku ile ile. Sarafu ya Kilwa yaweza walau kutaja jina la bwana wake. Simbi na ushanga wa Karagwe havina herufi hata moja. Tukisahau mahali vilipolala, hapana tena wa kutuambia habari zake.