Mwisho wa Reli, Mlangoni mwa Bandari

Mara nne, katika miaka ya 2008, 2013, 2019 na 2025, viongozi wa Afrika wamekusanyika Yokohama, mji wa bandari nchini Japani, kuhudhuria mikutano ya TICAD inayojadili maendeleo ya bara letu. Mikutano hiyo ilifanyika katika mtaa mpya wa Minato Mirai, jina ambalo maana yake ni bandari ya siku zijazo. Chini ya mtaa huo hupita reli ya chini ya ardhi. Mjumbe aliyemaliza kusikiliza hotuba, lau angeteremka ngazi akapanda treni, akapita vituo viwili na kushuka katika cha tatu, angefika mwisho wa njia, katika kituo kiitwacho Motomachi-Chukagai. Twaamini kuwa safari hiyo fupi ingempa funzo lisilopungua lile la ukumbini.

Reli yenyewe si ndefu. Ni kilomita 4.1 na vituo sita tu, kuanzia kituo kikuu cha Yokohama. Ilifunguliwa tarehe 1 Februari 2004, ikaunganishwa na njia ya zamani itokayo Shibuya, jijini Tokyo, hata abiria akaweza kutoka huko hadi ukingoni mwa bandari bila kubadili treni. Hapo mwisho, abiria hupanda ngazi za umeme akatokeza juu ya ardhi, na mambo matatu humpokea: upande mmoja Mtaa wa Wachina, ulio mkubwa kuliko mitaa yote ya Wachina nchini Japani, upande wa pili mtaa wa maduka wa Motomachi, na mbele yake bustani ya Yamashita na bahari.

Jina la kituo hiki lina historia ndani yake. Chukagai ndio huo Mtaa wa Wachina, na Motomachi ni mji wa asili. Kabla ya mwaka 1859 Yokohama ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima, chenye nyumba zipatazo mia moja. Serikali ya Japani ilipolazimika kuwafungulia wageni bandari, ilikichagua kijiji hicho. Mwaka uliofuata wenyeji waliondolewa wakahamishiwa chini ya kilima, ili ardhi yao igeuzwe makazi ya wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani. Pamoja na wafanyabiashara hao walikuja Wachina, wakiwa makarani, wakalimani na madalali. Basi jina hilo limewaunganisha watu wa makundi mawili: wale waliohamishwa kwa ajili ya bandari, na wale walioletwa na bandari. Wote wawili wamepewa haki ya kuandikwa mlangoni.

Ndani ya kituo, kilichochorwa na msanifu mashuhuri Toyo Ito, ukuta umepambwa kwa picha za Yokohama ya kale zilizochapwa juu ya vigae vyeupe. Abiria anayesubiri treni huwa anatazamana na wazee wa mji. Na akitoka nje akaenda kupumzika katika bustani ya Yamashita, yafaa ajue anakanyaga nini. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji huu, na moto ukateketeza kilichosalia. Vifusi vya majumba yaliyoanguka vilimwagwa baharini, na juu yake ikafanywa bustani iliyofunguliwa mwaka 1930. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Yokohama imejenga mapya juu ya magofu yake bila ya kuyakana.

Hata hivyo, reli haijengwi kwa kumbukumbu. Hujengwa kwa fedha, na kuchimba chini ya mji wa pwani ni kazi ghali mno. Kwa hiyo yafaa tuulize nani alilipa. Minato Mirai ilikuwa ardhi ya kiwanda kikubwa cha kuundia meli, kilichohamishwa mwaka 1983 ili mji upate nafasi ya maofisi, hoteli na kumbi. Ilikuwa dhahiri kuwa treni ikipita hapo thamani ya viwanja itapanda. Basi wenye viwanja na waendelezaji wa eneo hilo walitakiwa kuchangia sehemu ya gharama za reli. Shirika linaloiendesha ni la ubia kati ya serikali za huko na makampuni, na mji wa Yokohama ndio wenye hisa nyingi zaidi. Pamoja na mchango huo, deni la ujenzi liliwalemea kwa miaka mingi, na abiria atokaye Tokyo hulipa nauli ya njia ya kwanza kisha huongezewa nauli ya hii ya pili. Hakuna handaki la bure. Lakini ni haki kwamba anayenufaika na reli kwa kupandishiwa bei ya kiwanja asiachiwe apite bila ya kuchangia.

Tungeishia hapo, habari ingekuwa ya sifa tupu, na isingekuwa kweli kamili. Ili treni za Shibuya zielekezwe chini ya ardhi, ilibidi zikome kwenda Sakuragicho, zilikokuwa zikiishia tangu mwaka 1932. Usiku wa tarehe 30 Januari 2004 treni ya mwisho ya njia hiyo ilifika Sakuragicho, na haikurudi tena. Karibu na kituo hicho pana mtaa wa Noge, mtaa wa vilabu na mikahawa midogo midogo, uliozoea kupokea wateja wanaoshuka jioni kutoka kazini. Treni za njia nyingine zingali zinasimama Sakuragicho, lakini ile iliyotoka moja kwa moja Shibuya imeondoka. Siku zilezile, Motomachi na Mtaa wa Wachina walisherehekea, na wenye vilabu wa Noge wakawa na hofu ya riziki zao.

Noge haukufa. Wenyeji wake walikuwa wamekwisha kujifunza kujitegemea. Tangu mwaka 1986 wamekuwa wakiandaa tamasha la wasanii wa barabarani, ambalo huvuta umati wa watazamaji. Nao mji, mwaka 2019, ulifungua sehemu fupi ya daraja la reli iliyoachwa iwe njia ya waendao kwa miguu. Lakini twaona si vema ustahimilivu wa watu uwe kisingizio cha kutowahesabu. Katika ramani ya mipango mstari uliofutwa hauonekani. Huonekana ule mpya tu, tena kwa wino wa rangi.

Sisi tuishio visiwani hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya jambo hili. Gati likihamishwa, hamali, muuza kahawa na mwenye kibanda cha chakula ndio wa kwanza kujua. Meli ni ileile na abiria ni walewale, ila wamepita mlango mwingine. Ofisini huitwa mabadiliko ya mpango. Kwa mwenye kibanda ni sufuria iliyobaki imejaa jioni.

Kwa hiyo twawaomba wale wenye dhamana ya kupanga bandari, barabara na usafiri wa wananchi wasiangalie tu kituo kinachofunguliwa. Wauulize pia ule mtaa ambao njia inauacha: una watu wangapi, wanakula nini, na watafidiwa kwa kitu gani kabla ya siku ya sherehe, si miaka 15 baadaye. Yokohama iliwahamisha wavuvi wake mwaka 1860, na ilipofika mwaka 2004 ikaliandika jina la mtaa wao mwisho wa reli. Ni heshima njema, lakini ilichukua miaka 144. Wananchi hawana umri wa kungoja hivyo.